Profesa Kiboko na Mtama wa Awamu

— Hodi ya hadithi!

— Ipite, ikae kitako!

— Imekuja na nani?

— Na mwongo mmoja na mashahidi wengi!

— Na aliyesinzia?

— Asihadithiwe kesho!

Haya. Mmeitikia vizuri, isipokuwa nyie wa pale mlangoni. Nyie mmeitikia kama watu waliolazimishwa na mama zao. Nimewasamehe, sogeeni.

Hapo kale, si kale sana, wanyama wa Nyika walikuwa na chuo kikuu. Nani amecheka? Chuo kikuu kizima, kando ya Bwawa la Matete, chenye idara, chenye vikao, chenye chai ya saa nne. Kulikuwa na Idara ya Mawe, na huko alifundisha Dakta Pimbi. Pimbi mnamjua: kanyama kadogo, kanene kiasi, hakana mkia, kanashinda juu ya jabali kakiota jua. Kulikuwa na Idara ya Udongo, ya Mwalimu Fuko, ambaye macho yake si mazuri, lakini mwonjeshe udongo atakuambia umeutoa wapi. Na kulikuwa na Idara ya Anga, ya Bi Hondohondo, mwenye mdomo mkubwa na maneno ya kuujaza.

Idara hizo zilikuwa hazisalimiani. Wa Mawe waliwaita wa Udongo wachafu. Wa Udongo waliwaita wa Anga wapiga porojo. Wa Anga hawakumwita mtu jina lolote, kwa sababu kutoka kule juu hawakumwona mtu.

Na bwawani alikaa Profesa Kiboko, mkuu wa Idara ya Maji. Huyo sina haja ya kumweleza. Akipiga mwayo, kikao kinaahirishwa.

Sasa, mvua za Nyika zilikuwa zimeharibika. Vuli haionekani. Masika yakija yanakuja kwa hasira, yanazoa udongo, yanaondoka nao. Mkuu wa Chuo alikuwa Mama Twiga, na kwa shingo ile angekosaje kuona mbali? Akaita wote barazani.

"Kuanzia sasa," akasema, "kila mwaka chuo kitatoa mtama wa kuanzia. Anayetaka kutafuta dawa ya ukame atapewa mtama, mwingine ale akiwa kazini, mwingine aupande. Sharti langu ni moja. Sitoi kwa mtu mmoja, wala kwa idara moja. Shirikianeni. Mpweke hapati hata punje."

Jambo zuri? Zuri sana. Nani alifaidi? Kiboko.

Maana chuo kile kilikuwa na desturi yake: jina la mkubwa hutangulia. Kazi isiyo na jina la mkubwa mbele, hata iwe njema kiasi gani, haisikilizwi. Na ambaye jina lake limetangulia ndiye Mtafiti Mkuu, na Mtafiti Mkuu ndiye anayepokea mtama. Basi kila mwenye wazo alikwenda bwawani kumbembeleza Kiboko. Kiboko husikiliza kwa sikio moja, kisha husema, "Jina langu kwanza." Nao hujibu, "La kwanza, Profesa."

Mwaka wa kwanza wa mtama huo, Mwalimu Fuko na jamaa wa Idara ya Majani waliomba mtama wachunguze minyoo. Jina la Kiboko likatangulia. Mtama ukatoka asubuhi, na kabla ya chai ya saa nne gunia lilikuwa limebaki gunia. Siku ya matokeo Kiboko alisimama barazani, akakohoa, akasema, "Utafiti wetu umeonyesha kwamba mtama ni mtamu." Akapigiwa makofi. Fuko alilia kule shimoni kwake, na hakuna aliyejua, kwa sababu nani alikuwa anakwenda shimoni kwa Fuko?

Twende Mikwaju. Bonde la Mikwaju ndiko kwao Pimbi. Mababu zake walizaliwa kwenye mawe ya pale, na mama yake mzazi alikuwa pale bado, mzee, meno yameisha, maneno hayajaisha. Chemchemi ya Mikwaju ilikuwa imekauka mpaka imebaki tope la kulamba. Jamaa wameanza kufunga virago. Pimbi akaenda kumchukua mama yake.

"Mama, hapa masika yakipita bila maji, hakuna atakayebaki. Twende ukakae kwangu chuoni."

"Mimi sihami," akasema mama.

"Utakufa kwa kiu, Mama."

"Basi nitafia kwangu. Wewe si Dakta? Nilipokupeleka shule nilidhani utarudi na kitu. Umerudi na mkoba wa kunihamishia."

Pimbi akaondoka. Neno lile lilimchoma, na kilichomchoma zaidi ni kwamba mama alikuwa na haki.

Ndipo akafanya jambo ambalo mtu wa Mawe hakuwahi kulifanya. Alishuka mpaka shimoni kwa Fuko, akapiga hodi.

"Nani huyo?" akauliza Fuko.

"Ni Pimbi wa Mawe."

"Umekuja kututukana?"

"Nimekuja kuuliza. Chini ya ardhi, kati ya bwawa na Mikwaju, kuna nini?"

Fuko akatoa pua nje ya shimo. Tangu aanze kufundisha hakuna mtu wa idara nyingine aliyemuuliza kitu. "Kuna mto wa zamani," akasema. "Umefukiwa na mchanga, lakini udongo wake bado laini. Nimepita mwenyewe."

Juu ya mti Bi Hondohondo alikuwa anasikiliza, kwani umbea ni nusu ya kazi ya Anga. "Hata mimi nauona," akadakia. "Kutoka juu ni kama kovu refu. Tena bwawa limeinuka kuliko bonde. Pakifunguka, maji yatashuka yenyewe."

Wakatazamana wote watatu. Mawe, Udongo, Anga. Kila mmoja alikuwa na kipande chake siku zote, na kila mmoja alikuwa amekikalia.

"Haya, nani atachimba?" akauliza Fuko. "Mimi natoboa vijishimo vya kupita mwili wangu. Mfereji wa kupitisha mto si saizi yangu."

Wakati huohuo jua lilikuwa linapoa, na Kiboko akatoka bwawani kwenda malishoni. Ndi! Ndi! Ndi! Kiboko ana tabia yake, hata leo: akizoea njia haiachi. Anakanyaga palepale alipokanyaga jana na juzi. Pimbi akaitazama njia ile ya malishoni. Ilikuwa imedidimia, imekuwa handaki, na yeye akisimama ndani yake masikio hayaonekani.

"Mchimbaji tunaye," akasema Pimbi.

"Yule?" Hondohondo akacheka. "Yule hatachimba."

"Hatachimba. Atakula."

Siku ya kikao wakubwa wote walihudhuria. Kiboko alikaa mbele, amefumba macho. Pimbi akapanda juu ya jiwe ili aonekane.

"Mama Mkuu, sisi wa Mawe, wa Udongo na wa Anga tunaomba mtama wa kurudisha maji Mikwaju."

Baraza likaguna. Kiboko akafumbua jicho moja.

"Maji ni ya idara yangu," akasema. "Jina langu kwanza."

"La kwanza, Profesa," akajibu Pimbi kwa adabu. "Ila tuna wasiwasi. Hapa bwawani kuna unyevu, mtama utaota ukungu. Tunaomba ukae kwenye pango kavu kule Mikwaju, utolewe kwa awamu, kibuyu kimoja kimoja, na kila kibuyu kifuatwe na ripoti hapa kwa Mama Mkuu. Sasa Profesa wetu, kwa umri wake na mwili wake, kwenda Mikwaju na kurudi kila mara ni kumwonea. Tunaomba asisumbuliwe. Mimi nitapokea kwa niaba yake."

Kiboko akafumbua jicho la pili.

"Nani kasema siwezi kutembea?"

"Hakuna aliyesema, Profesa. Tunakuhurumia tu."

"Usinihurumie, bibie. Mtama wenye jina langu haupokelewi na pimbi."

"Njia mbovu, Profesa," akasema Fuko kwa unyonge.

"Na jua la siku hizi, Profesa," akasema Hondohondo. "Ngozi yako hiyo laini."

"Mama Mkuu, iwe sheria," Kiboko akanguruma. "Asiguse mtu punje moja mpaka niweke unyayo wangu mwenyewe mlangoni pa ghala. Na ripoti nitaleta mimi."

Mama Twiga aliinamisha shingo, akamtazama Pimbi. Pimbi alikuwa anatazama kucha zake.

"Iwe sheria," akasema Mama Twiga.

Jioni ile Kiboko akaanza safari. Ndi! Ndi! Ndi! Mbele yake Hondohondo anaruka mti hadi mti, anaita, "Huku, Profesa, huku ndiko karibu," na huku kwenyewe ni juu ya ule mto wa zamani. Chini yake Fuko na jamaa zake walikuwa wametoboa mchana kutwa, udongo umekuwa kama andazi, juu mzima, ndani hewa. Kiboko akikanyaga, bwafu! Ardhi inatitia.

"Njia gani hii?" akalalamika.

"Ndiyo maana inafanyiwa utafiti, Profesa," akajibu Hondohondo.

Akafika Mikwaju anahema. Akaweka unyayo, gwaa, akaachama. Pimbi akammiminia kibuyu kimoja. Shwaa. Kiboko akameza bila kutafuna.

"Lete kingine."

"Awamu, Profesa."

"Gunia zima naliona hapo nyuma yako."

"Ni lako, Profesa, jina lako ndilo la kwanza. Ila na sheria ni yako. Kapeleke ripoti, urudi."

Kiboko akageuka. Ndi! Ndi! Ndi! Akafika kwa Mama Twiga. "Nimefika, nimeona, utafiti unaendelea." Mama Twiga akasema, "Vyema, awamu nyingine." Kiboko akageuka. Ndi! Ndi! Ndi! Akafika Mikwaju, akaweka unyayo, gwaa, akaachama. Shwaa. "Lete kingine." "Awamu, Profesa." Akageuka. Ndi! Ndi! Ndi!

Jua likipanda anakwenda kujitosa bwawani, jua likipoa anashika njia. Na mfereji unashuka. Ulimfika magotini. Ulimfika tumboni. Mwisho ukiwa mbali unaona masikio mawili tu yanakatiza nyikani, na sauti chini yake inasema, "Awamu, awamu, awamu gani hizi."

Tena kuna jambo, na tusioneane haya, hapa sote tuna matumbo. Kiboko hujisaidia akitembea, na kile kimkia chake kinatapanya kushoto na kulia, pata pata pata! Na mlafi hatafuni. Mtama uliingia mzima, ukatoka mzima, ukatua juu ya kingo za mfereji pamoja na samadi yake. Hilo hata Pimbi hakulipanga. Alipoona vichipukizi vimeanza kuota kwa umande, alimwita Fuko pembeni.

"Mwalimu, ule mtama wa kupanda umeshapandwa."

"Na nani?"

"Na Mtafiti Mkuu. Akiuliza mtu, sema tulipanga."

Ikawa hivyo mpaka mawingu ya masika yakaanza kujikusanya. Na hapo, jamani, mambo yakakwama. Ukingo wa bwawa wenyewe ulikuwa umebaki, ukuta wa udongo uliofungwa na mizizi ya matete. Kiboko hupanda kutoka majini kwa mteremko wake wa zamani, upande mwingine, kwa hiyo ukuta ule hakuugusa. Fuko alijaribu, akavunja ukucha. Na kule pangoni gunia lilikuwa limekwisha. Awamu zimekwisha. Chambo hakuna.

"Mtama umekwisha, utafiti umekwisha," akasema Kiboko, akazama, zikabaki pua.

Milimani mvua ikapiga. Bwawa likaanza kujaa. Lilikuwa kila mwaka likijaa linamwagika upande wa pili, kwenye mchanga, maji yanapotea bure. Na Mikwaju mama yake Pimbi alikuwa analamba umande juu ya mawe. Pimbi aliogopa. Mfereji mzima uko tayari, na mama atakufa kwa ajili ya kipande cha ukuta kisichozidi urefu wa Kiboko.

Asubuhi ile wageni wa vyuo vingine walikuwa wamekuja kuona kazi. Wamejipanga kingoni, Mama Twiga katikati yao. Pimbi akajikaza. Akaenda mpaka mbele yao, akasema kwa sauti ambayo hata samaki waliisikia.

"Mama Mkuu, Profesa Kiboko amechoka, aachwe apumzike. Wa kufungua maji tumempata, ni Profesa Nyati. Anakuja sasa hivi. Akishafungua tu, jina lake litatangulia." Nyati mwenyewe, huko aliko, hakuwa na habari.

Majini masikio mawili yakageuka. Kwipu, kwipu.

"Jina la nani?" ikauliza sauti kutoka chini.

"La Profesa Nyati, Profesa. Lala tu."

Kiboko hakulala. Alitoka majini kama nyumba iliyopata miguu. Ndindindindindi! Hakuangalia mteremko wake, hakuangalia wageni, alikata moja kwa moja mpaka kwenye ule ukuta. Gubwi! Mizizi ikakatika, udongo ukamwagika, na bwawa zima likamfuata mgongoni. Shwaaaaa! Mfereji ulikuwa umechongwa kwa tumbo lake mwenyewe, kwa hiyo ulimpokea vizuri. Akateleza, chali, miguu hewani, kutoka bwawani hadi Mikwaju, anapiga kelele njia nzima, na hakuna aliyemsikia isipokuwa mtama.

Akafika wa kwanza. Akatua mbele ya mama yake Pimbi, puu!

Bibi akamtazama. "Wewe ndiye maji?"

"Mimi ni Profesa," akasema Kiboko, anatema tope.

"Mimi nilikuwa nangoja maji," akasema bibi.

Na maji yakaja. Yalimpita Kiboko kushoto na kulia, yakajaza tope, yakajaza chemchemi, yakapanda mpaka miguuni pa mawe. Pimbi alifika anakimbia, amembeba Fuko mgongoni, Hondohondo juu yao hana hata neno moja mdomoni, na hilo halijatokea tena. Wakamkuta bibi amesimama ndani ya maji mpaka magotini, anakunywa, anapumzika, anakunywa.

"Mama," akasema Pimbi.

"Nakunywa," akasema mama. Kisha akainua uso. "Hawa ni nani?"

"Huyu ni Mwalimu Fuko wa Udongo. Huyu ni Bi Hondohondo wa Anga. Tumefanya kazi pamoja."

Mama akawatazama wote watatu, mmoja baada ya mwingine, akainua kichwa chake kikongwe, akawaita waliokuwa wamefunga virago. "Njooni muone," akasema. "Njooni mumwone mwanangu na wenziwe. Nilimpeleka shule mimi."

Pimbi alijivuna siku ile, na asijivune kwa nini? Alijivuna kwa ajili ya mama, na kwa ajili ya Fuko ambaye hakuna aliyekuwa akimuuliza kitu, na kwa ajili ya chuo chake chenye makelele. Mtama ulikua kingo zote mbili, mrefu, mashuke yameinama, na kila mnyama wa Nyika aliyepita alisema, "Hii kazi ya chuo chetu."

Siku ya matokeo Kiboko alisimama barazani, akakohoa. "Utafiti wangu umeonyesha," akasema, "kwamba maji hushuka." Akapigiwa makofi mengi. Wakamchongea jiwe, jina lake juu kabisa, herufi kubwa, na yale majina matatu chini, madogo, unayaona ukiinama. Mama Twiga akaongeza kwamba kwa kuwa ndiye Mtafiti Mkuu, basi na kuuzibua mfereji kila mwaka ni heshima yake, asinyang'anywe na mtu. Kiboko akashukuru sana.

Fuko akamnong'oneza Pimbi, "Jina lake ndilo la kwanza. Huoni uchungu?"

"Mwalimu," akasema Pimbi, "yeye yuko kwenye jiwe. Mama yangu yuko nyumbani."

Hadithi imefika, inajipangusa miguu. Na funzo lake, kwa kuwa mtaniuliza funzo, ni hili: watoto, kuweni walafi. Msitafune. Kiboko yule angekuwa na kiasi na adabu, Mikwaju leo ingekuwa jangwa. Tena msishirikiane na watu wa idara nyingine, watawaletea kazi. Na mkubwa akitaka kutangulia, mpisheni kwa heshima zote, hasa pale penye ukuta.

— Mmesikia?

— Tumesikia!

— Mmeamini?

— Nusu!

— Nusu ipi?

— Ya mtama!

— Basi kaleni, mtafune.